Kuufunga na Kuuzoea Msumeno Mpya wa Paneli

Msumeno wa paneli hutengenezwa ili upasue shiti nzima ya plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) au chipubodi yenye melamini, yaani tabaka jembamba gumu la kupamba uso, na kuacha pembe za mraba na kingo zisizomeguka. Usahihi huo mashine hutoka nao kiwandani, lakini kusafirishwa na kufungwa upya huuvuruga. Ndiyo maana namshauri anayeanza atenge siku nzima ya marekebisho kabla ya kukata shiti ya kazi, kwani kosa la nusu milimita likiachwa kwenye mashine litajirudia katika kila ubavu wa kila kabati atakalounda.

Anza na nafasi. Meza inayoteleza, yaani ile inayoubeba ubao unapokatwa, hutoka mbele na kwenda nyuma ya bledi, hivyo huhitaji uwazi unaokaribia mara mbili ya urefu wake, na shiti ya milimita 2440 kwa 1220 lazima iweze kugeuzwa bila kugonga ukuta. Simamisha mashine kwenye sakafu ngumu, uisawazishe kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana, kisha ukaze nati za miguu. Iwapo mota ni ya fezi tatu, mwache fundi umeme aiunganishe, na kabla ya kufunga bledi muombe aiwashe kwa sekunde moja tu ili muone shafti, yaani mhimili unaobeba bledi, inazungukia upande gani. Meno ya juu ya bledi yanapaswa kuja kuelekea kwa mkataji. Yakienda kinyume, fundi huzima umeme na kubadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu za fezi.

Bledi hufungwa umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu, wala si kwenye kitufe cha mashine peke yake. Futa vumbi kwenye flanji, yaani visahani vinavyoibana bledi, kwa kuwa hata chembe ndogo hufanya bledi iyumbe. Nyuma ya bledi kuna kisu cha kutenganishia, ambacho huzuia mpasuo, yaani uwazi unaoachwa na meno kwenye ubao, usijifunge na kuibana bledi. Kisu hicho kiwe kinene kuliko bamba la bledi lakini chembamba kuliko mpasuo, na kikae milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Wapo wanaokiondoa wakiona kinawasumbua. Ninawasihi wasifanye hivyo, kwa maana ubao unapobanwa hurushwa kwa nguvu kuelekea kwa mkataji, na hakuna mkono unaoweza kuuzuia.

Bledi ndogo ya kuchanja, iliyo mbele ya bledi kuu, ndiyo inayowatatiza wengi. Huzunguka kinyume cha bledi kuu na kuchanja uso wa chini wa ubao kwa kina cha milimita 1 hadi 2, ili meno makubwa yanapotoka chini yasimegue melamini. Mchanjo wake unapaswa kulingana na upana wa mpasuo wa bledi kuu, au kuuzidi kwa unywele tu. Kata kipande cha majaribio, ukigeuze na kukagua kingo zote mbili za chini: upande mmoja ukimeguka, sogeza bledi ndogo kuelekea upande huo, ukiona ngazi inayohisika kwa ukucha, mchanjo umetoka nje mno.

Baada ya hapo, pima mraba. Kiegemeo cha meza, yaani ule upau ambao ubao huegemezwa wakati wa kukata, usikiamini kwa kukipima kwa skwea ndogo peke yake. Chukua kipande cha MDF chenye ukubwa wa karibu mita moja kila upande, ukate ubavu mmoja, ukizungushe ili ubavu uliokatwa uguse kiegemeo, ukate tena, na uendelee hivyo hadi pande zote nne ziishe. Mkato wa tano utoe ukanda mwembamba kwenye ubavu ulioanza nao. Pima upana wa ukanda huo katika ncha zote mbili kwa kalipa (kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita), na tofauti utakayoipata uigawe kwa 4, kwa sababu kila mzunguko umeliongeza kosa lile lile. Tofauti ya milimita 0.8 maana yake ni kosa la milimita 0.2 kwa kila mita. Legeza bolti ya kiegemeo, kisogeze kidogo, kisha rudia. Jaribio hili huchosha, lakini sijaona linaloliweza.

Wakati wa kukata, vaa miwani na vizibo vya masikio, uvue glavu, na uwashe kifyonza vumbi, kwani vumbi la mbao limethibitishwa kuwa linasababisha saratani. Bledi ijitokeze juu ya ubao kwa milimita 10 hadi 15. Simama kando ya mstari wa bledi, upande wa meza inayoteleza, na uusukume ubao kwa mwendo mmoja usiosita. Ukitumia kiegemeo cha kupasulia, yaani kile kilicho sambamba na bledi, kama kipimo cha urefu huku ukikata kwa meza, kirudishe nyuma hadi ncha yake iishie kabla ya bledi, ili kipande kinachokatika kisinaswe katikati. Vipande vidogo usiviondoe kwa mkono mpaka bledi isimame kabisa.

Baada ya wiki chache za kazi, safisha reli za meza na urudie mikato mitano, kwa maana bolti mpya hulegea zinapotulia.