Namna ya kufuatilia kwa vinasaba bakteria wanaosafisha maji ya ardhini yaliyoingiwa na petroli

Petroli inapovuja kutoka kwenye tangi lililofukiwa chini ya kituo cha mafuta, sehemu yake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji ya ardhini. Sumu inayotutia hofu zaidi humo ni benzini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa maikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Wapo bakteria wa udongoni wanaoila benzini pamoja na toluini, sumu nyingine iliyomo kwenye petroli, na mara nyingi huanza kazi hiyo wenyewe. Anayefuatilia usafishaji anapaswa kujua kama sumu inapungua kwa sababu inaliwa, au kwa sababu imezimuliwa na maji mapya. Hapa Arusha, ambako mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei huongeza maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru, kisima kinaweza kuonekana kimepona mwezi Juni, kisha kikarudia hali yake ya zamani kiangazi kinapokolea.

Anza kwa kujua maji yanaelekea wapi. Kwa jumla hutoka mlimani kwenda kusini, lakini tabaka za lava na majivu ya volkano huweza kuyapindisha, kwa hiyo usiuamini mteremko wa ardhi peke yake. Pima kina cha maji katika visima visivyopungua vitatu, visivyokaa kwenye mstari mmoja, ndipo uchague kimoja upande wa juu wa uvujaji, maji yanakotoka, kimoja penye uchafu mwingi na kimoja au viwili upande wa chini. Kisima cha juu ndicho kipimo chako cha hali ya kawaida, na bila hicho namba za vile vingine hazina cha kulinganishwa nacho. Kabla ya kuchimba kisima kipya, wasiliana na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi zake Moshi.

Siku ya kuchukua sampuli, anza na kisima kisafi na umalizie na kichafu, ili vifaa visihamishe uchafu. Vuta maji polepole kwa pampu hadi joto, oksijeni, pH na uwezo wa kupitisha umeme vitulie, kwa maana maji yaliyosimama ndani ya bomba hayawakilishi maji ya mwambani. Jaza chupa safi ya lita moja iliyotakaswa, au chuja maji hapohapo kwa chujio lenye matundu ya maikromita 0.22, kisha weka chupa au chujio kwenye deli lenye barafu na ufikishe maabara ndani ya siku moja au mbili. Beba pia chupa ya maji yaliyotakaswa, uifungue na kuifunga uwanjani, ili ikupe habari iwapo uchafu unatoka mikononi mwako. Mashine za PCR, yaani za kurudufu vipande vya kinasaba ili viweze kuonekana na kuhesabiwa, zipo Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, na zipo Moshi pia. Uliza mapema kama maabara unayoikusudia ina praima, yaani vipande vifupi vya kinasaba vinavyoielekeza PCR, za jeni unazozitafuta.

Katika maji yasiyo na oksijeni, jeni inayotafutwa zaidi ni bssA, inayotengeneza kimeng'enya kinachoanza kuivunja toluini. PCR ya kuhesabu huirudufu jeni hiyo mzunguko baada ya mzunguko, na kadiri jeni zilivyokuwa nyingi tangu mwanzo, ndivyo ishara inavyowahi kuonekana. Hapa pana mtego unaostahili uangalifu mkubwa. Chuma na mabaki ya mimea yaliyooza huweza kukizuia kimeng'enya cha PCR, na jibu likaja sifuri wakati bakteria wamejaa tele. Omba maabara izimue kinasaba (DNA) kilichotolewa kwenye sampuli mara kumi na kupima tena. Ishara inapaswa kuchelewa kwa mizunguko 3.3 hivi, na ikichelewa chini ya hapo, au ikiwahi, kizuizi kipo na jibu la kwanza lisipokelewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu sifuri ya uongo inaweza kumfanya mwenye eneo aingie gharama ya kuongeza bakteria ambao tayari anao.

Soma namba hizo pamoja na kemia. Tuseme benzini imeshuka kwa nusu na kloraidi, ambayo bakteria hawaili, nayo imeshuka kwa nusu: hapo sababu inayoelekea zaidi ni mvua. Lakini benzini na toluini zikishuka mara kumi huku kloraidi ikibaki palepale, naitreti na salfeti, ambazo bakteria huzitumia badala ya oksijeni, zikiwa zimepungua, na bssA ikiwa mara mia ya ile ya kisima cha juu, una haki ya kusema kwamba bakteria wanakula. Tofauti ya jeni iliyo chini ya mara kumi usiijengee hoja. Kumbuka pia kwamba bssA inashuhudia toluini, si benzini, na benzini huchelewa sana pasipo oksijeni, kwa hiyo kuongezeka kwa jeni hiyo hakuthibitishi kuwa benzini nayo inaliwa.

Kinasaba huonyesha waliopo, hata waliokufa karibuni. Anayetaka kujua wanaofanya kazi hupima RNA, yaani nakala ambazo seli hutoa kwenye jeni inapozitumia, ambayo huharibika upesi na hulazimu kuhifadhiwa kwa dawa yake palepale kisimani. Kwa maoni yangu, fedha ikiwa kidogo, ni bora kupima kinasaba kila baada ya miezi mitatu, kabla na baada ya masika, kuliko kupima RNA mara moja.

Kisima kisifunguliwe kwa kunywa hadi benzini ikae chini ya ukomo katika kiangazi na masika. Hata hapo pima floraidi, ambayo katika visima vingi vya kuzunguka Meru huzidi ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita kwa asili ya miamba, na ambayo bakteria hawa hawaiondoi.