Kuuza nyumba Dar bila kusota mwaka mzima: haya yafanye kabla hujaita dalali

Mi ni dalali, kazi yangu ni kuzungusha wateja kwenye nyumba za watu, Kimara, Goba, Tabata, Mbezi huko, na nachokiona ni kwamba nyumba nyingi zinazododa sokoni sio mbovu kihivyo, ni mteja akifika anaingiwa na wasiwasi anaondoka na maneno yake ya "ntakupigia". Mji huu watu wameshapigwa sana wakuu. Si mnaona kuta zilivyoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI? Mtu anayekuja kwako na hela yake anazijua hizo stori zote, kwahiyo maandalizi yako yote yaanzie kwenye kumtoa hofu, urembo utafuata.

Hatua ya 1: Makaratasi, tena kabla hujagusa rangi

Kusanya kila kitu faili moja. Hati kama unayo, au leseni ya makazi, na kama eneo halijapimwa basi ule mkataba ulionunulia wenye mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa. Jina liendane na kitambulisho chako cha NIDA herufi kwa herufi, maana Mohamed na Mohammed mwanasheria wa mteja anaweza kukusumbulia hapohapo.

Kama hati ina jina la mzee na mzee alishatangulia mbele za haki, usiposti chochote kwanza. Apatikane msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na ndugu wote wajue kinachoendelea, la sivyo siku ya kusaini anatokea shangazi kutoka Tanga na dili linafia mezani. Na walio kwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema wazi nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Kaa na mkeo au mumeo muelewane mapema, mteja makini lazima aulize.

Kodi ya pango la ardhi lipia malimbikizo yote uwe na risiti. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, hiyo haina presha sana. Bili ya maji maliza. Alafu kitu ambacho wenye nyumba wengi hawafanyi, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukaisachi hati yako, unaweza ukakuta ule mkopo wa benki uliomaliza kulipa zamani bado umesimama kama rehani kwasababu hakuna aliyeenda kuufuta. Bora uikute wewe kuliko mwanasheria wa mnunuzi.

Kwa viwanja vilivyopimwa, fyeka majani pembeni ya fensi hadi bikoni, yale mawe ya mpaka, zionekane. Mteja akioneshwa bikoni zote nne na ramani mkononi, maswali ya hifadhi ya barabara na ile X nyekundu ya kubomolewa yanapungua sana.

Hatua ya 2: Maji na chumvi

Hapa ndo nyumba nyingi zinafeli. Mteja wa Dar akiingia sebuleni anatazama chini ya ukuta, ule usawa wa soketi, akiona rangi imevimba na unga mweupe wa chumvi anapitisha kucha, plasta inadondoka, hapo bei yako imeshashuka milioni kadhaa kichwani mwake na hajafika hata jikoni.

Sasa kosa la wengi ni kupiga rangi juu ya chumvi. Haidumu, baada ya wiki chache inarudi, na ikirudi wakati unaonesha wateja unaonekana tapeli kabisa. Fanya hivi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: bomba linavuja ndani ya ukuta, au maji ya bati yanadondoka mguuni mwa ukuta kwasababu hakuna gata, au udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani. Ziba hiyo kwanza. Alafu fundi achokoe plasta yote iliyoliwa, avuke kidogo pale unyevu ulipoishia, ukuta uachwe ukauke, na kukauka ni wiki sio siku mbili kama fundi atakavyokwambia ili apate hela yake aondoke. Ndo arudishie plasta yenye dawa ya kuzuia maji, ikauke tena, apige msasa, kisha rangi. Kwahiyo kazi hii ianze kiangazi, ukisubiri masika hakuna kitakachokauka.

Darini nako, dari ya jipsamu yenye doa la njano ni lazima bati litazamwe juu, misumari iliyolegea izibwe, ndo doa lipakwe. Nje zibua mtaro. Wateja wajanja siku hizi wanakuja makusudi siku ya mvua waone maji yanaelekea wapi, na baada ya mafuriko ya Msimbazi tuliyoyaona siwalaumu.

Hatua ya 3: Vidogo vidogo

Usibomoe jiko, usibadilishe tailizi nyumba nzima, hiyo hela hairudi, mnunuzi ana ladha yake na atabomoa tu. Weka hela kwenye vitu vinavyoguswa: koki zinazodondosha, vitasa, bawaba zinazolia, swichi zilizolegea, neti za mbu zilizotoboka, choo kinachovuta maji sawasawa. Taa zote ziwake. Geti lipigwe rangi ya mafuta, ndo kitu cha kwanza mtu anakiona. Ndani rangi nyeupe au krimu, ile kijani ya chumba cha watoto iondoke. Karo likiwa limekaribia kujaa ita gari la majitaka mapema, harufu haifichiki kwa pafyumu.

Hatua ya 4: Punguza vitu

Sebule zetu zina makochi ya watu kumi na mbili na kabati la vyombo visivyotumika, chumba kinaonekana kidogo. Toa nusu, peleka kwa ndugu. Banda la kuku lisilo na kuku, matairi, mabaki ya nondo, yote nje. Kama kuna wapangaji ongea nao kistaarabu na uwape muda wa kutosha, mpangaji mwenye kinyongo atamwambia mteja mambo ambayo hata wewe huyajui.

Hatua ya 5: Bei, na sisi madalali

Uliza nyumba za mtaani kwako zimeuzwa shilingi ngapi kweli, zile bei za kwenye matangazo ni za kuota tu. Toa na kodi ya TRA kwenye hesabu zako, wanataka chao kwenye faida ya mauzo, tafuta risiti zako za ujenzi zitakusaidia.

Alafu cha juu, ile hela dalali anayoongeza juu ya bei yako. Najua wenzangu watanichukia kwa hili. Ukiwapa madalali watano nyumba bila kuwabana, kila mtu anaongeza chake, mteja anakuta nyumba ileile mtandaoni kwa milioni 85, 95 na 110, anajua moja kwa moja kuna utapeli, anapita. Andika bei moja, kamisheni iandikwe, atakayetangaza bei tofauti umuondoe.

Hatua ya 6: Picha

Piga asubuhi kama saa 3, mapazia wazi, simu ishikwe kwa kulala, simama kwenye kona ya chumba. Nguo za kwenye kamba anua. Ongeza video ya kutembea kutoka barabara ya lami hadi getini bila kukata, hasa kwa wateja walio nje ya nchi ambao wanamtuma mdogo wao kuja kukagua. Picha ya hati usiweke mtandaoni kamwe, matapeli wanaitumia kuuza nyumba yako kabla yako.

Siku ya kuonesha, fungua madirisha, tangi liwe na maji, mbwa afungwe. Mteja akija na mkewe, acha mama aingie jikoni na stoo peke yake atulie, usimfuate nyuma ukisifia, mara nyingi mwenye uamuzi ni yeye. Akikubali, hela ipite benki na kusaini iwe kwa mwanasheria, na mkataba uandike namba ya mita ya LUKU na akaunti ya maji, maana deni la zamani likiibuka ni wewe utakayepigiwa simu.