Kumtoa mgonjwa damu ya vipimo kwenye kituo cha afya: kwa wewe unayeanza kazi

Kila anayeanza kazi kwenye maabara yetu hapa Eastlands, Nairobi, huniuliza kwanza namna ya kupata mshipa. Mimi humwanzisha na jina la mgonjwa.

Usimuulize mtu, "Wewe ndiye Mary Wanjiku?" Ataitikia. Mzee asiyesikia vizuri huitikia kwa heshima, na mama aliyekesha na mtoto huitikia ili amalize aende. Muulize, "Unaitwa nani, majina yote matatu? Umezaliwa mwaka gani?" Kisha linganisha na karatasi ya daktari na namba ya mgonjwa, maana foleni moja ya Nairobi haikosi akina Wanjiku wawili. Chupa iandike ukishatoa damu, mwenyewe akiwa bado kitini. Ukiziandika mapema na kuzipanga mezani, ni rahisi damu ya huyu iingie kwenye jina la yule. Fikiria kosa hilo likitokea kwenye kundi la damu la mama mjamzito.

Chakula nacho kinataka swali la wazi. Anayepimwa sukari ya kufunga anatakiwa awe hajala kwa muda wa saa 8 au zaidi. Ukimuuliza kama amekula atakataa, kumbe alikunywa chai ya maziwa kabla ya kupanda matatu. Kwa wengi wetu chai haihesabiwi kuwa chakula. Sema, "Tangu jana usiku umeweka nini mdomoni, hata chai?" Maji matupu hayana shida, tena anywe, kwa sababu kiu huficha mishipa. Baridi ya Julai huificha pia. Mfunike mkono kwa nguo yenye joto dakika chache kabla hujaanza.

Muulize kama huzirai akitolewa damu. Akikubali, mlaze kitandani.

Funga mpira wa kubana mkono upana wa vidole vinne hivi juu ya pale utakapochoma. Mshipa tafuta kwa kidole: mzuri hubonyea na kurudi, kano ni ngumu, na kinachodunda ni ateri, kiache. Anza na ule wa katikati ya mkunjo wa kiwiko. Ule wa upande wa ndani uwe wa mwisho, kwa kuwa ateri na neva ziko jirani nao. Mpira usikae zaidi ya dakika moja, na usimwambie akunje na kukunjua ngumi, kwani hilo hupandisha potasiamu kwa uongo. Paka spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe sekunde 30, bila kupuliza, bila kugusa tena. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Mkono wa mgonjwa si wa kufanyia mazoezi.

Chupa zina mpangilio wake wa kujazwa, kwa rangi ya kifuniko: bluu, nyekundu au njano, kijani, zambarau, kijivu. Ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Ikigusana na damu ya chupa nyekundu, majibu yataonyesha potasiamu juu na kalisi chini, na mtu asiye na ugonjwa ataambiwa akimbizwe hospitali kubwa. Ya bluu ijae hadi kwenye mstari. Ya zambarau igeuze polepole mara 8 hadi 10, usiitikise. Ya kijivu itunze kwa ajili ya sukari: chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa wakati sampuli inasubiri pikipiki ya kuipeleka maabara nyingine, na floraidi iliyomo ndiyo inayozuia hilo.

Watu watakuuliza, "Mbona damu nyingi hivyo?" Wajibu vizuri, wana haki. Mwonyeshe chupa: ya mililita 4 haijazi kijiko cha chai. Mwambie kila moja inapima nini. Nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna hofu kwamba mnampima HIV kimyakimya. Mweleze kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inataka ridhaa yake kwanza. Nimeona mabega ya watu yakishuka baada ya kusikia hivyo, na mshipa unaonekana.

Fungua mpira kabla ya kuchomoa sindano. Pamba abonyeze mkono ukiwa umenyooka, asiukunje. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi abonyeze kwa muda mrefu zaidi.

Sindano usiirudishie kifuniko kamwe. Iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha vitu vikali, na kikifika robo tatu kifungwe. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kisha toa taarifa papo hapo. Dawa za PEP, za kuzuia HIV baada ya kuchomwa, huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Kwa hiyo siku yako ya kwanza kazini, kabla hujavaa glavu, uliza dawa hizo zinawekwa wapi na nani ana ufunguo Jumamosi.