Kujumlisha Fomu 34A mkiwa kikundi: usiku wa kura za urais nchini Kenya

Mwaka 2022 tovuti ya umma ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilipandisha picha ya Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais, ya kila kituo cha kupigia kura, lakini haikuweka jumla yoyote juu yake. Anayetaka jumla ajumlishe mwenyewe. Ndiyo maana vyombo vya habari vilitofautiana usiku ule: vyote vilisoma fomu za tovuti ileile, ila kila kimoja kiliokota zake kwa mpangilio wake. Kikundi cha WhatsApp au Telegram chenye watu makini kinaweza kufanya vizuri zaidi, mradi kijipange kabla ya vituo kufungwa saa kumi na moja jioni.

Amueni mapema kama mnataka fomu zote au sampuli. Vituo vilikuwa 46,229. Fomu moja ikichukua dakika mbili kufunguliwa, kusomwa na kuingizwa, hizo ni zaidi ya saa 1,540 za kazi. Watu 20 wakigawana, kila mmoja ana saa 77 bila kulala. Kwa kikundi cha kawaida jibu ni sampuli. Chukueni orodha ya vituo ya IEBC, ipangwe kwa nambari, chagueni kwa bahati nasibu pa kuanzia kati ya kituo cha 1 na cha 46, kisha mchukue kila cha 46 baada ya hapo. Mtapata vituo 1,000 hivi, vimetawanyika katika maeneo bunge yote kwa uwiano. Orodha ifungwe kabla ya siku ya kura. Mkianza kuchagua usiku, mtachagua zilizokwisha kufika, na hiyo si sampuli tena.

Jueni pia mpaka wa sampuli hiyo. Vituo vya Kenya vinatofautiana mno: katika kaunti ya Siaya, Raila Odinga alipita asilimia 95; Elgeyo Marakwet, William Ruto naye akapita asilimia 95. Kwa hiyo hata vituo 1,000 vinaweza kukosea kwa takriban asilimia mbili kwenda juu au chini. Pengo kati ya hao wawili mwaka 2022 lilikuwa asilimia 1.64. Sampuli ingewaambia kinyang'anyiro ni kikali, basi, mshindi isingewapa.

Lahajedwali moja ya pamoja yatosha, mstari mmoja kwa kila fomu. Safu A ni nambari ya kituo, B waliosajiliwa, C hadi F wagombea, G kura halali kama zilivyoandikwa kwenye fomu, H zilizokataliwa, I aliyeingiza, J aliyehakiki. Nambari ya kituo ina tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneo bunge, nne za wadi, tatu za mahali pa kupigia kura na mbili za kituo chenyewe. Zote huanza na sifuri, kwa kuwa Nairobi, kaunti ya mwisho, ni 047. Safu hiyo isipowekwa kuwa maandishi tangu mwanzo, programu itaimeza sifuri na hamtaweza kuoanisha chochote na orodha. Msioanishe kwa jina: shule moja ya msingi huwa na vituo vitatu au vinne vyenye jina lilelile.

Wagombea waandikwe kwa mpangilio wa fomu. Mwaka 2022 ulikuwa Odinga, Ruto, Waihiga, Wajackoyah. Mtu aliyezoea kuanza na mgombea anayempenda atabadilisha safu saa nane usiku bila kujua, na kosa hilo halishikwi na hesabu kwa sababu jumla inabaki ileile. Dawa yake ni mtu wa pili kufungua fomu upya na kuingiza bila kuona alichoandika mwenzake.

Makosa mengine hushikwa na fomula mbili: =SUM(C2:F2)=G2, na =G2+H2<=B2. Ongezeni ya tatu inayokataa B ikizidi 700, idadi ya juu ya wapiga kura kwa kituo. Kinachoanguka mara nyingi ni 1 iliyosomwa kama 7. Lakini kama fomu yenyewe haijumlishi sawasawa, msiisahihishe. Andikeni ilivyo, mpake rangi, kisha mlinganishe baadaye na Fomu 34B, inayojumlisha vituo vya eneo bunge zima. Picha iliyoletwa na "mtu aliye kituoni" isiingie kabisa hadi ionekane kwenye tovuti.

Sasa kusoma matokeo. Jumla ghafi ya saa nne usiku inaeleza ni wapi fomu zimewahi kufika, si nani anashinda. Kwa kila eneo bunge, zidisheni waliosajiliwa kwa kiwango cha waliojitokeza katika vituo vilivyokwisha kuripoti, kisha kwa asilimia ya kila mgombea hapo. Halafu ndipo mjumlishe nchi nzima. Eneo lenye fomu chini ya tano katika orodha yenu lichanganyeni na jirani wanaopiga kura kwa namna moja. Za ughaibuni msizisubiri: Los Angeles ikifunga, Nairobi ni saa tisa usiku, na waliosajiliwa nje walikuwa elfu kumi hivi tu.

Wekeni pembeni safu ya kaunti ambako kila mgombea amefikisha asilimia 25. Anahitaji 24 kati ya 47, pamoja na zaidi ya nusu ya kura halali; zilizokataliwa hazihesabiwi. Kila mnachochapisha kibebe saa, idadi ya fomu na maneno "hesabu isiyo rasmi", kwa kuwa kumtangaza rais ni kazi ya mwenyekiti wa IEBC peke yake.

Na toeni kura kamili pamoja na asilimia. Matokeo rasmi ya 2022 yalikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, ambayo hufika 100.01. Makamishna wanne wa IEBC waliyakataa hadharani wakidai ziada hiyo ni kura 142,000 hivi. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420 tu, nayo ilitokana na kukadiria desimali ya pili.