Somo: Dawa anakunywa kwa wakati, mbona maumivu bado yanamvamia?

Habari zenu mnaouguza nyumbani, hasa wagonjwa wa saratani wanaotumia mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, naulizwa lile lile: dawa anapewa kila baada ya saa nne, mbona bado analia? Kabla hujasema dawa haifai, fanya hivi.

1. Angalia hali yake maumivu yakishapita. Maumivu ya kupenya humzukia ghafla mtu ambaye maumivu yake ya kila siku yameshatulizwa. Hupanda kwa dakika chache, mara nyingi huisha ndani ya nusu saa au saa moja, kisha anatulia. Anayeumwa kutwa kucha ana shida nyingine: dozi yake ya kawaida haitoshi, na wa kuipandisha ni daktari.

2. Tafuta kinachoyaamsha. Hapa ndipo penye kazi. Kuna mzee ninayemtembelea, saratani ya tezi dume imefika mifupani. Akiketi kibarazani anapiga soga na kuulizia bei ya sato Mwaloni. Wakimshika kwapani kumpeleka chooni, anauma pindo la shuka na jasho linamtiririka. Nyumbani walidhani anadeka! Kusimama, kugeuzwa, kuoshwa kidonda: haya unayajua mapema, unaweza kujiandaa. Kikohozi hakipigi hodi. Na yapo maumivu yanayokuja bila sababu yoyote ya kuonekana.

3. Tazama saa. Yakirudi kila mara dozi inayofuata inapokaribia, maana yake dawa inaisha nguvu mapema. Hilo hurekebishwa kwenye dozi za kawaida. Nunua daftari la shule, andika: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, yalidumu muda gani, na ukali kwa vidole (ngumi ni hakuna, vidole vitano ni makali kupita yote). Daktari akiliona atafanya kazi haraka kuliko akiambiwa tu "anaumwa sana".

4. Toa dozi ya nyongeza iliyoandikwa. Mara nyingi ni kama sehemu moja ya sita ya mofini ya saa 24. Anayepewa miligramu 10 mara sita, jumla 60, nyongeza yake huwa 10. Usijipigie hesabu mwenyewe, maana mofini ya chupa hii yaweza kuwa kali kuliko ya chupa ile. Pima kwa bomba la sindano, achana na kijiko cha chai. Na ukishatoa nyongeza, dozi ya kawaida bado inatolewa kwa wakati wake.

Maswali ya wanachama

*Igoma:* Dada nesi, mama ana kidonda cha titi. Nampa nyongeza tunapoanza kumwosha lakini analia vile vile.

*Jibu:* Mpe nusu saa kabla, mdogo wangu. Mofini ya kunywa haifanyi kazi papo hapo. Na bandeji iloweke kwanza kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kuibandua kavu ni kumtesa bure.

*Kirumba:* Shikamoo. Ndugu wanasema baba atakuwa teja.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kufika huko. Mimi naogopa zaidi choo kigumu: hakikisha ameandikiwa na dawa ya kulainisha. Ila ukiona haamshiki na anavuta pumzi chache, usimwongezee hata tone, mkimbize hospitali.

*Ukerewe:* Tunamleta mjomba hospitali ya Bugando kwa meli. Nyongeza nimpe saa ngapi?

*Jibu:* Nusu saa kabla ya kumnyanyua kitandani, maana kumpandisha bodaboda au gari ndiko kutakakomuumiza. Chupa na bomba vikae mkobani mwako, visifungwe na mizigo. Dozi ya kawaida ikiangukia majini, mpe humo humo melini.

*Ukerewe:* Ahsante. Tangu juzi mgongo unamuuma kwa namna mpya, na miguu imelegea.

*Jibu:* Kaka, usisubiri meli ya kesho wala siku ya kliniki! Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na akichelewa huenda asitembee tena. Mbebeni akiwa amelala, mpelekeni hospitali ya Nansio sasa hivi, na waambieni pia kama mkojo unatoka au umeziba.