Kupima ulaji wa metani kwenye maji ya Kivu yasiyo na oksijeni

Ziwa Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 60 za metani iliyoyeyuka, lakini inayofika hewani ni kidogo mno. Matabaka ya maji hayachanganyiki kwa urahisi, na ile gesi inayopanda huliwa njiani na bakteria. Wengi wao huitumia pamoja na oksijeni, pale oksijeni inapoishia na metani inapoanzia. Chini ya hapo, pasipo oksijeni kabisa, wapo vijidudu wanaoila kwa kutegemea nitrati au salfati. Hao wa chini ndio wagumu kupima, maana hewa kidogo tu ikiingia kwenye chupa inaharibu kila kitu.

Anza kwa kutafuta mpaka wa oksijeni siku ileile ya kazi. Majira ya mvua mara nyingi uko karibu na mita 35. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo huchanganya maji hadi mita 60 au zaidi. Shusha kipima oksijeni ukisoma kila mita 5, na ukikaribia mpaka soma kila mita 1. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya bahari na kanieneo ya hewa ni karibu hektopaskali 850. Ukiacha kifaa kwenye 1,013 ya pwani, kitakuonyesha oksijeni karibu asilimia 19 zaidi ya iliyopo.

Chagua vina vinne tu: kimoja juu ya mpaka, kimoja mpakani, viwili chini yake, kwa mfano mita 5 na mita 15 chini. Afadhali vina vichache vyenye chupa nyingi kuliko vina kumi vya chupa mojamoja. Usichote maji ya zaidi ya mita 250 kwa kazi hii: yakipanda yanatoa gesi kwa nguvu, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka mkononi. Ukitaka kamba fupi, Ghuba ya Kabuno upande wa Kongo ina mpaka wake kwenye mita 10 hivi, ila kule maji yana chuma kingi, basi usitegemee majibu yafanane na ya ziwa kuu.

Kujaza ndiko kunakoamua. Tumia chupa za kioo za mililita 60. Ingiza mrija wa silikoni kutoka chupa ya Niskin (chombo cha kuchotea maji kilindini) hadi chini kabisa ya chupa ya kioo, acha maji yapande polepole na yamwagike mara tatu ya ujazo wa chupa, kisha toa mrija taratibu maji yakiwa yamevimba mdomoni. Funga papo hapo kwa kizibo cha butili (mpira unaozuia gesi), kaza kofia ya aluminiamu, pindua chupa na uitazame kwenye mwanga. Ukiona kipovu, jaza upya. Kipovu cha mililita 0.1 kina takriban mikromoli 0.7 za oksijeni. Ndani ya chupa hiyo ni mikromoli 12 kwa lita, na inatosha kula mikromoli 6 za metani kwa lita. Utaandika kwamba salfati imefanya kazi, kumbe ni hewa. Mpira wa kawaida nao unapitisha oksijeni, usiutumie.

Kwa kila kina andaa chupa 18: tatu kwa kila muda (saa 0, 12, 24, 48 na 72) na tatu za kulinganishia, zilizouawa tangu mwanzo na kupimwa mwishoni. Kuua vijidudu, ingiza kwa sindano mililita 0.5 ya kloridi ya zinki ya asilimia 50, sindano ya pili ikitoa maji yanayozidi. Maji ya chini yataingia ukungu mweupe: ni salfidi ya zinki, si uchafu. Chupa zilizo hai zikae gizani kwenye nyuzi 23, ndani ya ndoo ya maji ili joto lisiyumbe umeme ukikatika. Kujua kama salfati inahusika, andaa seti nyingine yenye molibdati ya sodiamu, inayozuia bakteria wanaotumia salfati, milimoli 20 kwa lita. Ulaji ukipungua humo, bakteria wa salfati wana mkono wao.

Kupima, ingiza mililita 20 za nitrojeni safi huku ukitoa maji kiasi hicho hicho, tikisa kwa nguvu, acha usiku mzima, ndipo upeleke gesi kwenye kromatografu, mashine ya kutenganisha na kupima gesi. Karibu asilimia 6 ya metani hubaki majini. Iongeze kwenye hesabu. Chora metani dhidi ya saa: mteremko ndio kasi. Mstari ukishuka haraka saa 12 za kwanza kisha ukalala, shuku oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza. Na zile zilizouawa zikipungua pia, gesi inavuja: futa seti nzima, badilisha vizibo.