Somo: Mpangilio wa kuvuna alotimenti jalidi inapokaribia

Wapendwa, kwa sisi tunaolima alotimenti (vishamba vidogo vya kukodi) huku Uingereza, Oktoba ikifika ukingoni jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ndiyo inayoamua kivunwe nini. Ipo mboga inayokufa kwa usiku mmoja, na ipo inayozidi utamu ikipigwa. Fuateni mpangilio huu.

1. Vinavyoogopa baridi vitoke kwanza: mchicha, maharage mabichi, nyanya, maboga. Nyanya zilizokomaa bila kuiva zipange kwenye boksi ndani ya nyumba pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ndizi huziivisha. Boga likate na kikonyo chake, na tafadhali usilibebe kwa kikonyo hicho. Kikivunjika, uozo huingilia hapo hapo. Liweke pakavu penye joto siku kama 10 ganda likauke vizuri, ndipo ulihifadhi.

2. Viazi chimba siku kavu kwa jembe uma, ukianzia mbali kidogo na shina. Vikishakauka saa moja au mbili, tia kwenye magunia na uweke gizani. Vilivyotobolewa vipikwe siku hiyo hiyo.

3. Bitiruti, sokota majani kwa mkono ukibakiza kikonyo kifupi. Ukikata kwa kisu karibu na kiazi, rangi yote humwagikia sufuriani. Karoti zipange ndani ya mchanga wenye unyevu kidogo, zisigusane.

4. Pasnipi (mizizi kama karoti nyeupe) ziache! Baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, ndiyo maana ya Desemba ni tamu kuliko ya Septemba. Chomeka kijiti cha alama, kwani majani yake hufa yote usijue pa kuchimba. Liki (jamii ya vitunguu) nazo hukaa ardhini, unang'oa za kupika leo. Ila utabiri ukisema ardhi itaganda, ng'oa za wiki nzima, maana uma hautaingia.

5. Sukuma wiki chuma majani ya chini, kilele usikiguse.

MASWALI

Shikamoo mama. Leo alfajiri nimekuta sukuma yangu imelala chini, majani magumu kama karatasi. Niing'oe?

Marahaba mwanangu. Usiing'oe, wala usiichume ikiwa imeganda. Subiri iyeyuke yenyewe. Mchana utaikuta imesimama.

Dada, viazi vyangu vilikaa dirishani vikawa kijani. Nikimenya sana si vitafaa?

Doa dogo, kata kwa kina. Vilivyoenea kijani tupa, mdogo wangu. Hiyo ni dalili kwamba solanini imeongezeka, nayo ni sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Usiwapikie watoto.

Njiwa wanamaliza sukuma yote, nimetandaza wavu na bado wanakula.

Wavu ukilalia majani, wanadonoa kupitia matundu. Simamisha fito, uuinue juu ya mimea, kisha kingo zake uzikandamize kwa mawe.